Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu na TAMISEMI: Tuiteni shuleni tumsikilize mtoto akisoma

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu na wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu wa mikoa, wilaya na kata,
Nakala kwa walimu wakuu, ambao najua ndio watakaoisoma kwanza.

YAH: MZAZI KUMSIKILIZA MTOTO WAKE AKISOMA SHULENI

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkulima, na mjumbe wa kamati ya shule katika kijiji kimoja cha Ugogo, mashariki ya Dodoma, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Kijiji sitakitaja wala shule sitaitaja. Mwalimu wetu mkuu ni mtu mwema, sitaki aamke kesho akute simu za watu wanaotaka kujua huyo mama aliyeandika ni nani. Isitoshe, ninayoyasema hapa nimeyasikia kwa wazazi wa Mpwapwa, wa Manyoni na wa Gairo tunaokutana nao sokoni, wote wakiyasema kana kwamba yako kwao peke yao.

Nianze na namna tunavyoitwa. Barua ya shule ikifika nyumbani, mara nyingi ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne na kushinda mfukoni mwa kaptura tangu asubuhi. Hapo maswali ni mawili. Mtoto anaulizwa, "Umefanya nini?" Kisha baba anauliza, "Wanataka shilingi ngapi?" Swali la tatu halipo. Hapa kijijini simjui mzazi aliyewahi kuitwa shuleni ili aambiwe kwamba mwanawe sasa anajua kusoma. Tunaitwa kwa utoro, kwa mimba, kwa kioo kilichovunjwa, kwa mlinzi ambaye hajalipwa. Tusipokwenda, anakuja mtendaji wa kijiji, na hapo mambo yameshakuwa ya faini.

Mkutano wa wazazi nao mnaujua, maana wengi wenu mmeuongoza mlipokuwa walimu. Unafunguliwa, muhtasari unasomwa, taarifa ya taaluma inapita mbio: wastani wa shule, ufaulu, nafasi kikata. Halafu tunaingia kwenye mapato na matumizi na hapo ndipo jua linapotukuta. Tukiondoka tunajua shule imekuwa ya ngapi kati ya shule za kata. Kama mtoto wangu anaweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuelewa alichosoma, hilo sikuambiwa na wala sikuuliza, kwa sababu nisingejua nimuulize nani, saa ngapi, mbele ya watu mia mbili.

Walimu siwalaumu kwa hili. Historia yake mnaijua kuliko mimi, lakini naomba mniruhusu niisimulie kama ilivyotufikia huku chini. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2016 ikaja Elimu Bila Malipo, na Serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 zinafika shuleni na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto mia saba inapata kama laki tatu na nusu kwa mwezi, itoe humo chaki, karatasi za mitihani, michezo na matengenezo. Ni msaada mkubwa, hakuna mzazi wa huku atakayesema vingine. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliandikishwa kwa wingi mwaka ule, na madarasa ya kwanza yakafurika.

Lakini waraka wa mpango huohuo wa Elimu Bila Malipo ulisema sare, madaftari na chakula ni vya mzazi, na sehemu hiyo haikutangazwa kwa sauti kubwa kama sehemu ya kwanza. Ikabaki kazi ya mwalimu kutueleza, nasi tukamwona mwalimu ndiye mwongo. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, akaagiza mwenye chake cha kutoa apeleke kwa mkurugenzi. Agizo lilikuwa na sababu, watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya hela. Ila baada ya hapo mwalimu aliogopa kusimama mbele ya mzazi na kutaja chochote, na mzazi akaridhika kwamba shule ni mali ya Serikali na yeye kazi yake imeishia kwenye sare. Miaka imepita na utaratibu umelegezwa kwa vibali na miongozo, lakini woga ule wa pande mbili haujaondoka.

Mahali ambapo umeondoka kidogo ni stoo ya mahindi. Kwetu makande ya shuleni yanapikwa kwa mahindi na maharage ya wazazi, na siku ya kupokea mahindi ndiyo siku pekee ninayowaona wanaume wakija shuleni bila kuitwa na mtendaji. Wanasimama pale mlangoni na ubishi wao. Debe linajazwa, mjumbe anapitisha ubao juu yake ili lisiwe na kichwa, jina linasomwa, alama inapigwa kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Mtu akidai ametoa na alama haipo, tunahesabu upya. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunadai mahindi hayo Januari, shule zikifunguliwa, na tulikuwa hatupati kitu. Januari Ugogo ni palizi na ni njaa, ghala limebaki vumbi. Kamati ikahamishia Julai, watu wakiwa wamevuna. Hatukuongeza faini wala hatukumleta polisi. Tulibadilisha mwezi tu, na stoo ikajaa.

Mahindi tunayaona yakiingia, makande tunayaona yakiliwa, ndiyo maana tunatoa. Kusoma kwa mtoto hatukuoni. Tunaletewa karatasi ya ripoti mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Ya mwanangu wa pili, wakati ule akiwa darasa la tatu, ilisema amekuwa wa 61 kati ya 108, na chini yake mwalimu ameandika "aongeze bidii." Jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwa wa 9, naye ameandikiwa aongeze bidii. Nilicheka, lakini mwalimu mwenye karatasi mia na nane za kujaza usiku mmoja kwa mwanga wa tochi ya simu aandike nini? Na hiyo 61 inaniambia nini mimi? Kwamba kuna watoto sitini mbele yake. Hainiambii kama wote mia na nane wanajua kusoma au kama hakuna hata mmoja. Baraza la Mitihani, NECTA, wenyewe waliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora mwanzoni mwa 2023, na sababu mlizozitoa zilieleweka. Huku kwetu namba ya nafasi bado ndiyo habari yote anayoipata mzazi.

Ombi langu ni moja. Kila mwanafunzi wa darasa la kwanza, la pili na la tatu, mara mbili kwa mwaka, asome kwa sauti mbele ya mzazi au mlezi wake, mwalimu wa darasa akiwapo, kwa dakika tano. Basi.

Najua linaonekana dogo. Niwaeleze lilikotoka.

Wengi mtawakumbuka vijana wa Uwezo, wale wa utafiti wa kupima kusoma kwa watoto, waliokuwa wakipita kaya kwa kaya kuanzia mwaka 2010 na karatasi zao: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto alipimwa nyumbani kwao, mama akiwa pembeni anapepeta mchele. Ripoti yao ya 2011 ilisema ni watatu tu kati ya watoto kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Viongozi waliumizwa na takwimu ile, wengine wakaibishia, na si haki kusema hakuna kilichofanyika. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulikuja 2015, na walimu wengi walipata mafunzo. Mimi kilichonikaa kichwani ni kitu kingine kabisa, mtoto kupimwa mbele ya mama yake. Nilikuwa sijawahi kuona mama wa kijijini akipewa nafasi ya kushuhudia elimu ya mwanawe kwa macho na masikio yake.

Basi hapa kwetu tukajaribu. Mwalimu wa darasa la tatu wakati huo alikuwa binti kutoka Mbeya, mgeni, Kigogo hakijui. Alikubaliana na kamati kwamba baada ya mavuno atawaita wazazi kidogo kidogo, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya ofisi. Kiti kimoja cha mzazi, kimoja cha mwalimu, mtoto anasimama katikati na kitabu.

Akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Wazazi wa kijana wako mjini kwa vibarua, bibi ndiye mlezi, na kwenye daftari la mahudhurio ya mikutano yeye huweka dole gumba. Kijana akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata neno moja. Mimi nilikuwa tayari kupiga makofi. Bibi akasema, "Mbona macho yake yako kwa kuku?" Kweli, kulikuwa na kuku anapekua taka kule nyuma na kijana alikuwa anamwangalia huku maneno yakiendelea kumtoka. Mwalimu akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akamwambia, "Anzia hapa." Kijana akanyamaza. Akaangalia kidole, akaangalia picha ya juu, kisha akarudi mwanzo wa ukurasa na kuanza upya, kwa sauti ileile. Bibi akasema, "Huyu anaimba."

Mwalimu hakuwa ameligundua hilo, na sidhani kuna mtu angeligundua. Darasani watoto zaidi ya mia moja wanasoma kwa pamoja, mwalimu anatangulia, wao wanafuata. Ndani ya kelele ile mwenye sikio zuri anaishika sura yote ya kitabu bila kujua silabi "ka" inafananaje. Aliyemnasa ni mwanamke asiyejua kusoma, kwa sababu alikuwa anamwangalia mtoto mmoja tu, na anamjua tangu yuko mgongoni.

Hapo naomba mtulie kidogo, kwa sababu nimeshasikia kwenye semina na vikao, mara nyingi mno, kwamba wazazi wa vijijini hawawezi kusaidia masomo kwa kuwa hawakusoma. Bibi yule alirudi nyumbani na kazi aliyopewa na mwalimu: kila jioni kabla ya ugali kijana asome nusu ukurasa, bibi aweke kidole popote katikati na kusema anzia hapa. Bibi hahitaji kujua jibu. Anahitaji kusikia kama mtoto anatafuta maneno au anaimba, na wazee wetu wana masikio ya hayo. Kufikia Novemba kijana alikuwa anasoma kwa kukokota, neno kwa neno, na ukurasa uliokuwa ukimchukua nusu dakika sasa ulimchukua sita. Mtu asiyejua angesema amerudi nyuma.

Na mazungumzo yale hayakwenda upande mmoja. Mwalimu naye aliambiwa mambo. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akisinzia kila siku, ameshaandikiwa kwenye daftari la nidhamu. Mama yake akaeleza kwamba uwele ulipokuwa unakaribia kuiva, mwezi wa nne na wa tano, mtoto alikuwa anaamka alfajiri kuamia ndege, anatoka shamba ndipo anakuja shule. Hapa Ugogo kwelea kwelea wakishuka asubuhi mbili tu shamba limekwisha, na mama hana mtu mwingine. Hawakumaliza tatizo lote siku ile. Walikubaliana mtoto aamie kwa zamu na binamu yake, na mwalimu asimchape akichelewa siku za zamu yake. Mzazi mwingine alisema mwanawe haoni ubao, jambo ambalo nyumbani walikuwa wanalijua miaka miwili na hakuna aliyewahi kuwauliza. Akahamishwa dawati la mbele siku hiyohiyo. Mambo madogo kama haya hayana mahali pa kusemewa kwenye mkutano wa watu mia mbili, na hayaandikiki kwenye ripoti ya wa 61 kati ya 108.

Najua mtauliza muda wa mwalimu. Ni swali la haki, kwa hiyo nimepiga hesabu. Dakika tano kwa watoto mia ni dakika mia tano, yaani saa nane na kitu. Walimu wawili wakigawana darasa ni asubuhi mbili, wakati madarasa ya juu yanaendelea kama kawaida. Mara mbili kwa mwaka. Linganisheni na siku zinazokwenda kwenye mitihani ya wiki, ya mwezi, ya utamilifu ya kata, ya utamilifu ya wilaya, na kwenye kambi za darasa la nne na la saba. Kama kuna kitu cha kupunguza, pale pana mengi ya kupunguza. Ila mwalimu mkuu hawezi kuyapunguza mwenyewe, maana mitihani hiyo inaagizwa kutoka juu na yeye atahojiwa kwa matokeo yake. Ndiyo maana barua hii imekuja kwenu na haikuishia kwake.

Kitu cha pili ambacho yeye hawezi bila ninyi ni vitabu. Katika shule nyingi vitabu vipo, tena vingine vizuri vyenye picha za rangi, na vimefungwa kabatini. Mwalimu mkuu ana leja, kila kitabu kina namba, na akija mkaguzi vikapungua kumi ni yeye atakayeandikiwa barua. Kwa hiyo vinabaki visafi. Tunaomba itolewe kauli ya maandishi, yenye muhuri, kwamba kitabu cha kusoma cha madarasa ya chini kinaruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumatatu, na kwamba kuchakaa kwake si hoja ya ukaguzi. Kamati itaandika nani amechukua nini, kama tunavyoandika madebe. Vitapotea viwili vitatu, mbuzi atakula kimoja. Kwenye nyumba nyingi za hapa hicho ndicho kitakuwa kitabu pekee ndani ya nyumba, ukiacha Biblia au Msahafu.

Sasa tarehe. Nawasihi msiipange siku hii kitaifa. Kwetu Julai inafaa, na Oktoba kabla mvua hazijakaribia. Lakini ukiwaita wazazi wa Mtwara na Lindi mwezi Oktoba utawakosa, wako kwenye korosho. Wafugaji wana miezi yao ya kuhama na mifugo. Kwenye miji siku inayofaa ni Jumamosi, maana mama ntilie na dereva bodaboda wa Dar es Salaam hawezi kuacha siku ya kazi ili akakae kwenye benchi. Kata ichague, kamati ya shule ichague. Hata siku ya wiki ina maana, kwetu ukiitisha mkutano siku ya mnada umeitisha viti. Sisi tunaoishi jirani na Kongwa tuna sababu ya kuogopa mipango inayopangwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta pale kulima karanga kwa maelfu ya ekari, kwa hesabu zilizopigwa London. Mvua haikunyesha kama karatasi ilivyosema, udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Wazee wa Kigogo waliokuwa wakilima uwele na mtama pembeni walikuwa wanaijua mvua ile. Hakuna aliyewauliza.

Na kama mtalikubali ombi hili, nina ombi dogo la nyongeza: msituletee mgeni rasmi. Nasema kwa heshima. Nimeshaona jambo zuri likifanywa maadhimisho, likakodiwa hema na spika, watoto wakapangwa juani kuimba ngonjera, mgeni akachelewa saa tatu, na mwishoni hakuna mtoto aliyesoma chochote mbele ya mzazi yeyote. Wala isigeuzwe kuwa jedwali la kujazwa na kutumwa, na picha za ushahidi kwenye grupu la WhatsApp la kata kabla ya saa sita. Mwalimu akishaanza kupiga picha, ile dakika tano imekwisha. Akiulizwa ushahidi, waulizeni wazazi. Afisa elimu kata apite nyumba tatu, aulize, "Mwanao anasoma hadi wapi?" Mzazi akijibu, siku ile ilifanyika.

Mjini, kwenye shule za kulipia, mambo haya yameshakuwa ya kawaida. Mzazi anasaini daftari la mawasiliano kila jioni, ana namba ya mwalimu, anapangiwa siku ya kuonana naye. Wengi wenu watoto na wajukuu wenu wanasoma huko, na sisemi kwa ubaya. Mnajua tu inavyosaidia. Huku simu ni kitochi na daftari la mawasiliano halipo, lakini umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni tunautembea kila siku kwenda kisimani.

Iko sababu ya kuwaandikia mwaka huu na si baadaye. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima imekuwa miaka kumi. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio kundi la kwanza, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Sera yenyewe naiunga mkono, hasa miaka kumi ile, kwa sababu wasichana wengi wa huku walikuwa wanaishia darasa la saba na kuolewa. Lakini mtoto anayeimba kitabu amepunguziwa mwaka mmoja wa kugunduliwa. Zamani mtihani wa darasa la saba ulimkamata, kwa ukatili na kwa kuchelewa, lakini ulimkamata. Sasa njia ya kwenda sekondari imepanuliwa, na huko atakuta masomo kwa Kiingereza akiwa bado hajaweza kusoma Kiswahili. Darasa la tatu ndipo mahali pa kumkamatia, na watu wa kumkamata wapo nyumbani kwake.

Kamati yetu haiombi fedha kwa jambo hili. Viti tunavyo, na mwarobaini upo. Tunaomba kalenda ya mihula ijayo iwe na nafasi mbili zilizoachwa wazi kwa ajili ya kusikiliza watoto wakisoma, tarehe zikijazwa na kila kata, na barua ya vitabu itoke pamoja na kalenda hiyo ili mwalimu mkuu awe nayo mkononi shule zikifunguliwa. Mkitaka kuona inavyofanyika kabla ya kuamua, njooni Julai, wiki ya pili, baada ya madebe kupokelewa. Njooni wawili au watatu, na gari moja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Dodoma